Lohikeitto: mapishi yamebaki, samaki kahama

Ukitaka kuwaona Wafini, watu wanaosifika kwa ukimya, wakibishana mpaka kahawa inapoa mezani, waulize kama lohikeitto, supu ya salmoni, inawekwa maziwa au krimu. Mmoja atakwambia krimu. Wa pili atasema bibi yake hakuwa na krimu, alitia maziwa na siagi, na watu wote walishiba. Wa tatu, hasa akiwa ametoka visiwani, atawashangaa wote wawili: kwao supu ya samaki ni maji, chumvi, kitunguu na siagi inayoelea juu, basi. Halafu ugomvi unahamia kwenye karoti.

Nimekaa nchi hii muda wa kutosha kuwa na upande wangu. Krimu kidogo, liki (kile kitunguu kirefu cha majani) lazima, karoti hapana. Lakini kadiri ninavyousikiliza ugomvi huu ndivyo ninavyoona kwamba wanagombania kitu ambacho hakiko hatarini. Mapishi ya lohikeitto hayajawahi kuwa salama kama yalivyo sasa. Yamo vitabuni, yamo kwenye intaneti kwa mamia, yamo kwenye menyu za migahawa ya kitalii na za vituo vya mafuta barabarani. Hakuna atakayeyasahau. Aliyetoweka ni samaki, na juu yake sisikii kelele ya kiasi kile.

Kwa ambaye hajawahi kuila: ni supu nyeupe yenye vipande vya salmoni na viazi, na juu yake majani mengi ya shibiti, yale membamba yenye harufu kali ya ubichi. Mpishi makini huanza na kichwa na mifupa. Huondoa matamvua kwanza, maana yanaleta uchungu, kisha huvichemsha kwa moto mdogo kama nusu saa na kuchuja. Kando hulainisha liki na kitunguu kwenye siagi bila kuviacha vibadilike rangi, akamimina ile supu ya mifupa, akatia viazi na punje chache za maustepippuri, kiungo cha kahawia kinachonukia karafuu na mdalasini kwa wakati mmoja. Viazi vikiiva, krimu inaingia. Samaki ni wa mwisho, amekatwa vipande vikubwa, na akishaingia tu moto unazimwa. Anaiva kwa joto la supu yenyewe, dakika chache. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanamwacha achemke, anatoa utando mweupe na kukauka, kisha wanalaumu mapishi ya Kizungu.

Aliyepika mchuzi wa nazi hahitaji kufundishwa sheria hii. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Krimu ina tabia hiyohiyo, na maziwa matupu ni mabaya zaidi.

Kiazi nacho kina siasa zake. Madukani Ufini viazi huuzwa kwa rangi: mfuko wa kijani ni vigumu visivyovunjika, mwekundu ni vya unga. Ukifuata mapishi mengi utachukua vya kijani. Mimi huchanganya, vya kijani vibaki vipande, viwili vitatu kutoka mfuko mwekundu vivunjikie sufuriani na kuipa supu uzito, na hapo krimu naipunguza nusu. Huko Lapland, kaskazini mwa Ufini, wana kiazi chao chembamba kirefu, puikula, ambacho jina lake linalindwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya. Ukikipata kwenye supu, shukuru. Pembeni panakuwa na mkate mweusi wa rai, nafaka jamaa ya ngano, uliopakwa siagi nene, na bila mkate huo mlo haujakamilika.

Waswahili wenzangu wakiionja mara ya kwanza husema haina ladha. Ndipo chupa ya pilipili inapotoka mkobani. Nimeona mtu akiitia bizari na tangawizi mpaka ikawa njano. Ilikuwa tamu, sikatai, ila kilikuwa chakula kingine. Ushauri wangu ni kuiacha ilivyo kwa bakuli la kwanza. Supu hii imejengwa juu ya samaki, siagi na shibiti, vitu vitatu vinavyosema kwa sauti ya chini, na pilipili ikiingia inavinyamazisha vyote. Mara nyingi kinachokosekana si viungo, ni chumvi. Na wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo, ambao katika jamii zetu ni wengi, wasiogope: kampuni ya maziwa ya Valio ilianza kuuza maziwa yasiyo na laktosi mwaka 2001, na leo krimu ya namna hiyo iko kila duka. Andiko la kutafuta kwenye pakiti ni *laktoositon*.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu.

Watalii wanaokaa Kauppatori, soko la wazi lililo bandarini Helsinki, huuziwa supu hii kama chakula cha mababu. Sehemu kubwa ya bakuli hilo ni ya juzijuzi. Kiazi kilianza kulimwa Ufini karne ya 18, na kilienea zaidi baada ya askari waliopigana Vita vya Pomerania, 1757 hadi 1762, kurudi nacho nyumbani. Krimu ya kumwaga sufuriani ni matokeo ya njaa: ile ya 1866 hadi 1868 iliua karibu mtu mmoja kati ya kila kumi na wawili, na baada yake wakulima waliacha polepole kutegemea nafaka, wakageukia ng'ombe na siagi ya kuuza nje. Hiyo Valio niliyoitaja ilianzishwa na vyama vya ushirika mwaka 1905 kwa kazi hiyohiyo ya kuuza siagi ng'ambo. Maustepippuri ni tunda la Karibi. Na Wafini wenyewe walipopigia kura chakula cha taifa mwaka 2017, nchi yao ikitimiza miaka 100 ya uhuru, ushindi waliupa mkate wa rai.

Hayo hayanisumbui hata kidogo. Kiazi kilikuja, kikapandwa, kikawa cha kwao. Kinachonisumbua ni yule aliyekuwepo tangu mwanzo akaondoka.

Salmoni huzaliwa mtoni, kwenye maji baridi yaendayo mbio juu ya changarawe. Baada ya miaka michache hushuka baharini, hunenepa huko, kisha hurudi kutaga katika mto uleule aliozaliwa. Ukiziba mlango wa mto huo umemaliza ukoo, hata kama hukuvua samaki hata mmoja. Na Wafini waliziba.

Kemijoki ndio mto mrefu kuliko yote Ufini, takriban kilomita 550, unaotoka Lapland na kumwaga maji yake kaskazini mwa Bahari ya Baltiki, kwenye mji wa Kemi. Ulikuwa miongoni mwa mito mikubwa ya salmoni Ulaya. Kwa karne nyingi watu wa kando yake walishirikiana kujenga mitego ya miti iliyokatiza mto, wakagawana walichopata, na kanisa likadai fungu lake la samaki kabla ya mtu kupeleka chake nyumbani. Kisha Vita vya Pili vya Dunia. Ufini ilipoteza maeneo ya mashariki kwa Umoja wa Kisovyeti, pamoja na mitambo ya umeme iliyokuwa huko, na juu ya hapo ikabebeshwa fidia iliyomaliza kuilipa mwaka 1952. Viwanda vilitaka umeme, tena haraka. Bwawa la Isohaara likajengwa karibu kabisa na mlango wa Kemijoki, likakamilika mwaka 1949, bila njia ya maana ya kumpitisha samaki. Oulujoki, kusini kidogo, nao ukazibwa Merikoski miaka hiyohiyo. Salmoni walirudi kutoka baharini wakakuta ukuta.

Siwalaumu watu wa 1949. Nchi ilikuwa imechomwa, hasa kaskazini ambako Wajerumani waliporudi nyuma waliteketeza miji, na Rovaniemi ulibaki majivu. Mtu aliyejenga nyumba upya gizani akiambiwa achague kati ya taa na samaki, atachagua taa, na mimi ningechagua hivyohivyo. Lawama yangu ni kwa miongo iliyofuata, wakati nchi imeshatajirika na taa zimeshawaka. Mabwawa mengine yalipangwa juu ya lile la kwanza, moja baada ya jingine. Kampuni za umeme zililazimishwa kufidia kwa kumwaga vifaranga vya salmoni karibu na bahari kila mwaka. Vifaranga hao hukua na kuvuliwa, na kwenye makaratasi deni linaonekana kulipwa. Ila mto ulio juu ya ukuta haukupata kitu. Ngazi ya samaki pale Isohaara ilijengwa mwaka 1993, zaidi ya miaka arobaini baada ya bwawa, na samaki anayeipanda anakutana na bwawa linalofuata.

Ukitaka kujua kilichopotea, nenda mto wa jirani. Tornionjoki, unaogawa Ufini na Uswidi, haukuzibwa. Nao ulikaribia kwisha katika miaka ya 1980, kwa sababu salmoni walikuwa wakivuliwa baharini kabla ya kufika nyumbani. Uvuvi wa baharini ulipobanwa, walirudi, na walirudi kwa fujo: mwaka 2014 vifaa vya sona, vinavyotambua samaki kwa mawimbi ya sauti, vilivyowekwa ndani ya mto vilihesabu karibu samaki 100,000 wakipanda. Mto ulio wazi una namna ya kusamehe. Lakini tangu 2023 idadi imeporomoka tena, na mjadala wa nani wa kulaumiwa, wavuvi wa baharini, njaa ya chakula huko Baltiki, ugonjwa au joto la maji, unaendelea. Tangu 2022 Umoja wa Ulaya umewazuia wavuvi wa biashara kumlenga salmoni katika sehemu kuu ya Baltiki.

Kaskazini kabisa, kwenye mpaka wa Norwei, kuna Tenojoki, ambao hauendi Baltiki bali Bahari ya Aktiki. Huo ni mto wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na salmoni wake ni yule wa Atlantiki. Uvuvi wake ulisimamishwa mwaka 2021, pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa samaki walikuwa wamepungua mno. Naelewa sababu. Lakini elimu ya kuvua hupatikana kwa kushika wavu, na wavu ukikaa stoo mwaka baada ya mwaka kuna watoto wanaokua bila elimu hiyo, na hakuna kitabu cha mapishi kitakachowarudishia. Kejeli ni kwamba mto haukubaki mtupu. Umejaa salmoni wa Pasifiki, yule ambaye dume lake huota nundu, mgeni aliyepandikizwa na Wasovyeti kwenye mito ya kaskazini-magharibi ya nchi yao. Tangu 2017 hupanda kwa makundi makubwa kila mwaka wa namba witiri.

Basi ni nani yuko kwenye bakuli la mtalii pale Kauppatori, na kwenye sufuria yangu siku nyingi? Mara nyingi ni salmoni wa vizimba kutoka Norwei, nchi inayozalisha zaidi ya tani milioni moja za samaki huyo kwa mwaka. Yuko dukani Januari, yuko dukani Julai, minofu ya ukubwa uleule, na rangi ileile ya chungwa inayotokana na kirutubisho anachochanganyiwa kwenye chakula. Ana mafuta kuliko salmoni wa mtoni, kwa hiyo anasamehe makosa ya mpishi. Supu yake ni tamu na sitajifanya vinginevyo. Ila kukaa Kemi, mto ukipita chini ya dirisha, na kula samaki aliyeletwa na lori kutoka kwenye fiodi za Norwei, halafu ukaita chakula cha mababu, hilo linahitaji moyo. Mtu wa Kisumu anayeuziwa perege wa barafu kutoka China kando ya ziwa lake atalielewa bila kuelezwa.

Wengine hudhani dawa ni kumtafuta salmoni mwitu wa Baltiki kwa bei yoyote. Hapo nako pana mtihani. Baltiki ni bahari ndogo, iliyofungwa, iliyopokea taka za viwanda kwa miaka mingi, na samaki mwenye mafuta hukusanya mwilini sumu iitwayo dayoksini. Mamlaka ya chakula ya Ufini inawashauri watoto, vijana na watu walio katika umri wa kuzaa wasimle salmoni huyo zaidi ya mara moja au mbili kwa mwezi. Ufini na Uswidi zina ruhusa maalumu ya Umoja wa Ulaya kuuza samaki wa Baltiki ndani ya nchi zao hata akivuka kiwango kinachoruhusiwa kwingine. Yaani yule samaki halali wa supu hii, mwenye hati zote za ukoo, ndiye anayehitaji tahadhari ya daktari, na yule wa kizimbani analiwa bila wasiwasi.

Kuna hadithi husimuliwa Ufini na nchi za jirani kwamba zamani vibarua wa mashambani walidai mkataba utamke kwamba hawatalishwa salmoni zaidi ya siku kadhaa kwa wiki, maana aliwachosha. Mkataba wenyewe hakuna aliyeuonyesha, nami sidhani utaonekana. Hata hivyo hadithi ya namna hiyo haitungwi juu ya samaki adimu. Watu walioisimulia kwanza waliujua mto uliojaa.

Nitaulizwa: kwa hiyo tuache kula? Hapana. Ninachotaka kwanza ni ukweli kwenye menyu. Mgahawa ukiandika umri wa mapishi uandike pia samaki ametoka maji gani, kwa herufi za ukubwa uleule. Pili, watu wenye nguvu ya kubishana juu ya karoti waipeleke nguvu hiyo kwenye ngazi za samaki na vibali vya mabwawa, ambako maamuzi bado yanafanyika na makampuni hayapendi kelele.

Na tatu, supu hii haihitaji salmoni kila mara. Familia nyingi za Kifini zinalijua hilo bila kunisubiri. Supu ya samaki ya kawaida hapa, kalakeitto, hupikwa kwa chochote kilichoingia wavuni, na nchi yenye maelfu ya maziwa haina upungufu wa vitu vya kuingia wavuni. Wengi hutumia kirjolohi, trauti anayefugwa Ufini kwenyewe, hasa katika visiwa vya kusini-magharibi na Åland. Asili yake ni Amerika Kaskazini, lakini angalau amekulia karibu, na kwenye supu si rahisi kumtofautisha na salmoni. Siika, samaki wa nyama nyeupe wa jamii ya salmoni, anatoa supu nyepesi, nyeupe, ambayo kwangu inafaa zaidi bila krimu, ile ya siagi inayoelea. Ahven na hauki, samaki wawili wa kawaida wa maziwani, wana miiba ya kukera, ila supu ya mifupa yao inazidi ya salmoni, kwa sababu haina mafuta mengi ya kufunika ladha. Ningependa shule zianze hapo. Kila mtoto wa shule Ufini hupata chakula cha mchana bure tangu 1948, na supu ya samaki ni moja ya vyakula vya kawaida kwenye sinia lile. Mtoto akizoeshwa ahven akiwa na miaka saba, akiwa mkubwa hatamwona kama samaki wa maskini.

Lakini ukinibana nichague supu moja ya nchi hii, sitachagua ya salmoni. Nitachagua ya made. Ni samaki wa kichwa kipana, mwili wa kuteleza, ndevu moja chini ya kidevu, sura ambayo haijawahi kuwekwa kwenye kadi ya posta. Huvuliwa Januari na Februari chini ya barafu, wakati anataga, na kipindi chake ni kifupi. Hupikwa kwa utaratibu uleule: viazi, kitunguu, maustepippuri, maziwa au krimu. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, haivunjiki ovyo. Ini lake kubwa ndilo sababu ya watu kumtafuta. Linaingia sufuriani mwishoni na kuiacha supu na utamu mzito ambao krimu peke yake haiwezi kuutoa. Mayai hayapikwi, yanatiwa chumvi na kuliwa juu ya mkate pamoja na kitunguu kibichi na krimu chachu.

Helsinki, mtafute katika soko la ndani la Hakaniemi, lililofunguliwa mwaka 1914. Mwombe muuzaji amchune ngozi palepale, maana nyumbani utahitaji koleo, na kabla hujalipa hakikisha ini limo kwenye mfuko.